Nauliza mawazo, wote wanaangalia meza

Shikamoo Shangazi,

Ninaongoza timu ya watu tisa. Kazi yetu ni kupokea malalamiko ya wateja, kuyachunguza na kuyajibu. Nilipandishwa cheo miezi 14 iliyopita. Kabla ya hapo nilikuwa mmoja wao, tukikaa meza zilezile na kunung'unikia mambo yaleyale. Siku nilipopewa nafasi hii nilijiapiza kwamba sitakuwa bosi wa amri. Nitasikiliza watu.

Nilichovuna ni kimya.

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi tunakuwa na kikao. Natangulia kueleza tatizo la wiki, nataja na njia ninayoona mimi inaweza kufaa ili kuwachangamsha, halafu nasema: "Haya jamani, karibuni, hakuna wazo baya hapa." Hapo ndipo kila mtu anapogundua kwamba meza ina kitu cha kuangaliwa. Mmoja anabonyezabonyeza kalamu. Mwingine anatikisa kichwa kukubali lolote nitakalosema, nadhani hata nikisema tufunge ofisi atakubali. Baada ya dakika 40 tunatoka na wazo lilelile nililoingia nalo. Nikifika kwenye korido nasikia nyuma yangu wanaongea, wanacheka, na mara nyingine nanasa maneno mawili matatu ambayo kwa kweli ni wazo zuri kuliko langu. Sasa kwa nini hawakulisema ndani?

Mwezi wa pili wa uongozi wangu niliweka sanduku la maoni, lenye kufuli, nikatangaza kwamba hakuna haja ya kuandika jina. Baada ya miezi mitano nikalifungua na kukuta vikaratasi vitatu. Kimoja kilisema kiti cha karibu na dirisha kimevunjika mguu. Cha pili kilikuwa na alama ya kuuliza tu, kubwa, imejaza karatasi nzima. Cha tatu kiliandikwa: "Hata mwaka juzi tuliambiwa hivihivi." Nilikasirika, nikavirudisha, nikalifunga. Ufunguo sasa sijui uko wapi.

Sisemi kwamba hakuna aliyewahi kujaribu. Yupo kijana mmoja, ana mwaka wa pili hapa, ambaye siku moja alinyoosha mkono na kupendekeza tubadili utaratibu: badala ya kujaza fomu yote kwanza ndipo tumpigie mteja simu, tumpigie kwanza, tumuulize maswali matatu, kisha tujaze. Nikamwambia wazo zuri, lakini mfumo hauruhusu, tukaendelea na ajenda. Hakubishana. Ni kijana mwenye adabu.

Sasa sikiliza kilichonifanya nikuandikie. Wiki tatu zilizopita kijana huyo alikuwa likizo. Asubuhi naingia, nakuta wenzake wawili wanapekua droo yake, mmoja anauliza, "Daftari kaliweka wapi?" Kumbe kuna daftari! Kumbe kijana hakuliacha wazo lake. Anapiga simu kwanza, anaandika majibu daftarini, halafu anarudi kujaza fomu kana kwamba alifuata utaratibu. Wenzake watatu nao wanafanya hivyohivyo, wakitumia maswali yake aliyoyaandika ndani ya jalada. Nilipokagua kazi zao, hao wanne ndio wanaomaliza malalamiko mapema kuliko wote. Na mimi nilikuwa nawasifu kikaoni kwa kufuata utaratibu.

Nimeumia, Shangazi. Najiona nimezungukwa. Mkuu wangu naye anataka aone "ubunifu" katika timu yangu kabla mwaka haujaisha, na ameahidi bajeti ndogo. Nimefikiria mambo mawili: kumwita mtaalamu atufundishe ubunifu kwa siku mbili, au kutoa zawadi ya fedha kila mwezi kwa mwenye wazo bora. Lipi litafaa? Na huyu kijana nimfanyeje? Nikimwacha, wengine watajua utaratibu ni wa kuchezea. Nikimpa barua ya onyo, naogopa nitazima cheche ileile ninayoitafuta.

Ni mimi,
Nazungumza Peke Yangu

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu nyekundu. Nimepigia mstari maneno matano: "wazo zuri, lakini mfumo hauruhusu."

Ulikwenda kuuliza kama kweli hauruhusu? Barua haisemi, na wewe ni mtu wa kueleza mambo yako kwa kirefu, kwa hiyo nakisia hukwenda. Yeye alikwenda. Alijaribu mwenyewe, taratibu, akagundua kwamba mfumo haujali simu imepigwa saa ngapi mradi fomu ijazwe. Wewe ulitoa jibu kwa sekunde tatu, yeye akatumia miezi kulichunguza. Kati yenu wawili, nani alikuwa anasikiliza?

Usinune. Nimekuja kukusaidia, na habari niliyo nayo ni nzuri: timu yako haijapungukiwa na ubunifu hata kidogo. Watu wanne kati ya tisa wamebuni njia mpya ya kazi, wameijaribu kwa wateja halisi, wameisambaza, wameiandikia mwongozo ndani ya jalada la daftari, na wameificha bosi asiione. Hilo la mwisho nalo linahitaji akili. Kilichopungua ni sababu ya kukuambia wewe.

Basi na tuanze na kijana, maana ukimkosea yeye hayo mengine yote ni kupoteza muda.

Barua ya onyo, hapana. Lakini pia usikimbilie kumsimamisha kikaoni na kumpigia makofi. Ukimsifu mbele ya watu kabla hamjazungumza, utakuwa umewaanika na wale watatu, na kila mmoja atakaa anajiuliza kesho yake itakuwaje. Mwite mahali pa faragha, au bora zaidi nenda wewe kwenye meza yake wakati wengine hawapo. Mwambie uliyoyajua na namna ulivyoyajua. Halafu mwambie: "Uliponiletea wazo lile nilikujibu bila kuliangalia. Samahani." Ishia hapo. Usiongeze "lakini na wewe ungeniambia." Najua ulimi utawasha. Uume.

Kisha mwombe akuonyeshe daftari, mkae pamoja, akupitishe kwenye malalamiko mawili au matatu mwanzo hadi mwisho. Hapa nataka uwe makini, kwa sababu utaratibu wa zamani huenda haukuwekwa na mjinga. Fomu kutangulia kuna faida moja ninayoiona hata mimi niliye mbali: lalamiko likishaandikishwa lina tarehe, lina namba, haliwezi kupotea. Muulize: mteja asipopokea simu, lalamiko lake linakaa wapi? Kama jibu ni "daftarini", basi hapo pana tundu. Akiugua wiki nzima, na daftari liko kwenye droo iliyofungwa, yule mteja amesahauliwa. Mmeshaonja hilo alipokwenda likizo. Tundu lenyewe linazibika kirahisi: andikisheni jina, tarehe na namba kwanza, pigeni simu, halafu malizieni fomu. Angalau ndivyo ninavyoona mimi. Ninyi mnaoijua kazi mtapata njia nyingine, na bila shaka yeye ataipata kabla yako.

Baada ya hapo liwekeni wazi kama jaribio, la wiki nne kwa mfano, mkipima mambo mawili tu: lalamiko linachukua siku ngapi, na ni wangapi wanaolazimika kutupigia tena kwa jambo lilelile. Likishinda, mwandikie mkuu wako, na jina la kijana liwe katika mstari wa kwanza. Likishindwa, mwandikie vilevile. Nayo hofu yako kwamba watu wataona utaratibu ni wa kuchezea, hapa ndipo dawa yake: wataona kwamba utaratibu unabadilishwa mezani, mchana kweupe, kwa kupimwa. Walichokuwa wanakiona mpaka sasa ni kwamba unabadilishwa kwenye droo.

Ama kuhusu kuumia kwako. Unasema umezungukwa. Mimi nasoma tofauti. Mtu anayekudharau hajisumbui kurudi kujaza fomu ili hesabu zako zikae sawa. Walitaka kufanya kazi vizuri bila kugombana nawe. Ile adabu uliyomsifia ndiyo iliyokunyima taarifa. Mwingine asiye na adabu angekujibu palepale, na leo ungekuwa na miezi ya faida mkononi.

Nikupe kisa kimoja ambacho kila kiongozi mpya ningependa akijue. Katika miaka ya 1990, mtafiti wa Marekani anayeitwa Amy Edmondson alikuwa anachunguza timu za wauguzi na madaktari hospitalini, akitazama makosa ya kutoa dawa. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri na maelewano ziwe na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: timu nzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye rekodi. Alipochimba akaona kwamba huenda hawakuwa wakikosea zaidi. Walikuwa wanasema. Kwenye timu za woga makosa yalikuwepo, ila yalifunikwa. Tangu hapo amefanya kazi ya maisha yake kuchunguza kile alichokiita usalama wa kisaikolojia, yaani ile hali ya mtu kujua kwamba akifungua mdomo kazini hatafanywa mjinga. Sasa rudi kwenye hesabu zako za mwaka huu, safi, zisizo na doa la mtu kuvunja utaratibu hata mara moja. Kimya kina mshindo mkuu, mwanangu, na wa kwako ulikuwa unavuma ndani ya droo.

Haya, kikao cha Jumatatu.

Unatangulia kueleza tatizo, unataja na suluhisho lako "ili kuwachangamsha". Ukishasema la kwako, swali unalowauliza si tena "tufanyeje?" Umeshawauliza "nani anataka kumpinga bosi asubuhi hii?" Wewe cheo ni kipya, bado unajiona yule mwenzao wa meza ya pili. Wao wanamwona mtu anayesaini likizo zao.

Nami nisijifanye mtakatifu. Niliwahi kuongoza ofisi, zamani, na niliamini mlango wangu uko wazi. Siku ya kuniaga, mama mmoja tuliyefanya naye kazi miaka sita akanivuta pembeni, akaniambia kwa upole: "Wewe ulikuwa ukivua miwani tu, tunajua wazo limekufa." Miwani! Nilikuwa naivua kwa sababu macho yalikuwa yananiuma. Au nilidhani hivyo. Miaka sita wamekuwa wakisoma uso wangu kama ratiba ya basi, na mimi sina habari. Wewe miwani yako ni ipi? Tafuta mtu mmoja unayemwamini pale kazini umuulize. Jibu litauma kidogo.

Na ule wito wako wa "hakuna wazo baya hapa" una historia yake. Ulienezwa na Mmarekani mmoja wa kazi za matangazo ya biashara, Alex Osborn, katika miaka ya 1940 na 1950. Kanuni zake zilikuwa nzuri: msikosoane kwanza, tafuteni mawazo mengi, yakaribisheni hata ya ajabu, jengeni juu ya la mwenzenu. Alidai kwamba kundi likikaa hivyo litazaa mawazo mengi kuliko mtu mmoja mmoja. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wakapima dai hilo. Wakachukua makundi ya watu wanne wanaozungumza pamoja, wakayalinganisha na watu wanne wanaofikiri kila mtu peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa na yaliyojirudia yakaondolewa. Waliokaa peke yao wakashinda kwa mbali. Majaribio mengi yaliyofuata yakapata hivyohivyo, na mwaka 1987 Wajerumani wawili, Michael Diehl na Wolfgang Stroebe, wakaonyesha sababu kubwa: kikaoni anasema mmoja kwa wakati. Wakati yeye anasema, wewe unangoja zamu, na wazo lako linapoa, au unalisahau, au unajikuta unafikiria lake. Penye wengi hapaharibiki neno, wazee walisema, ila wazo linaweza kuharibika vizuri sana.

Kwa hiyo Jumatatu ijayo fanya hivi. Taja tatizo, kwa sentensi moja, iwe swali. Usilete suluhisho. Halafu kila mtu apewe karatasi na dakika kumi za kimya, aandike. Wewe pia andika, ila yako iwekwe chini kabisa ya rundo. Kukaa kimya dakika kumi mkiwa tisa chumbani kutawaudhi mara ya kwanza, mtu atacheka, mwingine atakohoa. Vumilia. Kisha karatasi zizungushwe, kila mtu aongeze kitu kwenye ya mwenzake. Mjerumani Bernd Rohrbach alielezea mchezo wa namna hii mwaka 1968: watu sita, mawazo matatu kila mmoja, dakika tano, kisha pitisha karatasi kwa jirani. Ukipiga hesabu, nusu saa inatoa mawazo 108. Ninyi hamhitaji 108. Mkipata matatu ya kujaribu mtakuwa mmevuka mwaka mzima wa vikao vyako.

Ndipo mzungumze, na hapa kundi lina kazi yake ya kweli, kuchambua na kuunganisha. Aanze kusema aliyeajiriwa karibuni. Wewe uwe wa mwisho. Ukikuta lako limeshasemwa na mwingine, nyamaza na ufurahi.

Zawadi ya fedha sasa. Najua inavutia, na mkuu wako ataipenda kwa sababu inaonekana kwenye karatasi. Ngoja nikueleze jaribio la mshumaa. Mwanasaikolojia Mjerumani Karl Duncker alibuni fumbo: unapewa mshumaa, kiberiti, na kiboksi kilichojaa pini za kubandikia karatasi, uambiwe uweke mshumaa ukutani uwake bila nta kudondokea meza. Watu wanajaribu kuupigilia pini, wanajaribu kuuyeyusha ushike ukutani, haushiki. Jibu ni kumwaga pini, kukibandika kile kiboksi ukutani, na kusimamisha mshumaa juu yake. Ugumu ni kwamba jicho linaona kiboksi kama chombo cha pini, halikioni kama rafu. Mwaka 1962 Sam Glucksberg akalirudia jaribio hilo Marekani, kundi moja akaliahidi fedha kwa watakaowahi, lingine akaliambia tu anataka kujua watu huchukua muda gani. Walioahidiwa fedha wakachelewa kwa dakika tatu na zaidi. Lakini alipowapa watu pini zikiwa zimeshatolewa nje, kiboksi kitupu, kila mtu akiona njia, walioahidiwa fedha ndio waliowahi.

Umeona inavyokwenda? Fedha inamkaza mtu macho mbele. Kama njia inajulikana na kinachotakiwa ni kukimbia, mpe, atakimbia. Kama kinachotakiwa ni kuangalia pembeni, unamfunga. Halafu kwenye timu ya watu tisa, mshindi mmoja kila mwezi maana yake kila mwezi una wanane waliokosa, na kuanzia mwezi wa tatu kila mtu anaficha wazo lake mpaka tarehe ya mashindano. Yule kijana aliandika maswali yake kwenye jalada na kuwaachia wenzake bure. Usije ukawafundisha kuuza kile walichokuwa wanagawiana.

Hilo halina maana kwamba watu walipwe kwa pongezi. Kama daftari limerahisisha kazi ya ofisi nzima, siku ya kuzungumzia mishahara na vyeo mkumbuke kijana, tena kwa nguvu. Ninachokataa ni ile karoti ya kila mwezi.

Mtaalamu wa siku mbili, hapana, kwa sasa. Watacheza, watachora, watapiga picha, kisha Jumatatu saa tatu watarudi kwenye kikao kilekile.

Bajeti yako inunue muda. Mpe mtu mmoja nusu siku kwa wiki ya kulijaribu wazo lililochaguliwa, na kazi zake za nusu siku hiyo zifanywe na mtu mwingine anayelipwa kwa saa hizo. Zifanywe kweli, zisirundikwe mezani kumsubiri jioni. Teresa Amabile wa Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na wenzake walikusanya shajara za kazi za watu 238, karibu kurasa 12,000 za siku moja moja, wakaona kwamba siku za kukimbizwa na muda watu hujiona wabunifu, lakini walichokiandika kinaonyesha fikra mpya kidogo. Na wakaona kitu kingine ambacho ningependa ukikumbuke kila jioni: kinachompa mtu moyo kazini zaidi ya vingine ni kuona kazi yake yenye maana imesogea mbele leo, hata hatua ndogo. Sasa fikiria mtu aliyetoa wazo mwezi wa tatu, na mwezi wa tisa hajui limefia wapi.

Hapo ndipo penye kiini cha ugonjwa wenu, na ndiyo maana yule wa alama ya kuuliza aliandika vile. Watu hawaachi kutoa mawazo kwa sababu yamekataliwa. Wanaacha kwa sababu hayakujibiwa. Toyota walianzisha utaratibu wao wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi mwaka 1951 na unaendelea hadi leo, na mengi kati ya hayo ni mambo madogo ya mtu kurekebisha kazi yake mwenyewe. Kwenye mistari yao ya kuunda magari kuna kamba (siku hizi kwingine ni kitufe) ambayo mfanyakazi yeyote anaweza kuivuta akiona kasoro, na akiivuta kiongozi wa timu hufika palepale kuangalia kuna nini. Kamba si kitu, ni kamba tu. Siri iko kwenye huyo anayefika.

Wewe fika. Kila wazo lijibiwe kabla ya Ijumaa ya wiki ileile, kwa moja ya majibu matatu. "Tunalijaribu kuanzia siku fulani." Au "hapana, kwa sababu hii", na sababu iwe uliyokwenda kuitafuta, isiwe uliyokuwa nayo mfukoni. Au "bado, namsubiri fulani, nitakujibu Alhamisi", na Alhamisi ikifika umjibu hata kama huyo fulani hajasema neno. Andika kwenye ubao mahali wote wanapopita: wazo, la nani kama ameridhia jina lake litajwe, limefikia wapi. Yaliyokataliwa yabaki pale pamoja na sababu zake. Mtu akiona "hapana" yenye maelezo ataleta lingine. "Wazo zuri, lakini" haina maelezo.

Na mkuu wako akiuliza ubunifu uko wapi, usimtengenezee maonyesho. Mpeleke kwenye ule ubao.

Nasikia unauliza kama kimya kitaisha lini. Hakitaisha Jumatatu. Mmoja ataandika jambo dogo kabisa kukupima, la kipuuzi hata, aone utalifanyia nini. Watamtazama yeye, halafu watakutazama wewe.

Hilo linanirudisha kwenye sanduku. Ufunguo umepotea, basi vunja kufuli, tena mbele yao. Toa vile vikaratasi vitatu uvisome kwa sauti, na cha tatu usikiruke. Yule wa mwaka juzi mwambie amesema kweli. Yule wa alama ya kuuliza mwambie umechelewa kumwelewa. Kisha niambie jambo moja, maana barua yako haikusema: kile kiti cha dirishani kimeshatengenezwa?

Kama bado, anza nacho leo, kabla ya kikao chochote.

Shangazi